Chumbe: Kisiwa kinacholindwa kwa daftari, si kwa bunduki

KILOMITA kama 12 kusini mwa Mji Mkongwe wa Unguja kuna kisiwa ambacho nahodha asiye na haja nacho hukipita bila kukitazama mara mbili. Urefu wake ni takriban kilomita moja, upana wake kama mita 300, na alama pekee inayoonekana kwa mbali ni mnara wa taa uliojengwa na Waingereza mwaka 1904. Hakina kisima, hakina kijito, wala hakina kijiji. Jina lake ni Chumbe.

Hata hivyo, upande wake wa magharibi, mahali ambapo bahari ni ya kina kifupi, kuna mojawapo ya bustani za matumbawe zilizosalimika vizuri zaidi katika Afrika Mashariki. Watafiti wamehesabu humo takriban aina 200 za matumbawe magumu na zaidi ya aina 400 za samaki. Chewa, pono, changu na kikande huogelea hapo kwa utulivu ambao wavuvi wazee wa pwani huusimulia kama habari za enzi za babu zao.

Miamba mingi iliyo karibu na miji ya pwani imevuliwa kupita kiasi, au imevunjwavunjwa kwa nanga, majuya na baruti. Nani basi amekilinda kisiwa hiki? Hakuna manowari wala walinzi wenye bunduki. Jibu ni kundi dogo la walinzi, ambalo tangu mwanzo lilijengwa kwa kuajiri wavuvi wa vijiji vya jirani. Huishi kisiwani, na zana zao kuu ni daftari, kalamu na ulimi.

Makala haya yanaeleza jinsi walinzi hao wanavyofanya kazi kwa kufuata majira ya pepo, wanahesabu nini na kwa sababu gani, na kwa nini kazi hiyo ambayo haina vishindo ndiyo iliyokiokoa kisiwa.

Hifadhi ilivyoanza

Mwamba wa Chumbe haukusalimika kwa bahati tu. Upande wa magharibi wa kisiwa unapakana na njia ya meli ziendazo na zitokazo Dar es Salaam, na kwa miaka mingi eneo hilo lilihesabiwa kuwa la kijeshi. Wavuvi wadogo hawakuruhusiwa kutega huko. Kwa hiyo miamba mingine ilipokuwa ikichakazwa, huu ulibaki karibu kama ulivyoumbwa.

Kinga hiyo isingedumu milele. Mwaka 1991 Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyekuwa amefanya kazi katika miradi ya maendeleo ya Tanzania, alianza kuishawishi Serikali ya Zanzibar ikifanye kisiwa hicho kuwa hifadhi. Mwaka uliofuata ilisajiliwa kampuni ya Chumbe Island Coral Park, na mwaka 1994 serikali ikatangaza rasmi mwamba wa magharibi na msitu wa kisiwa kuwa maeneo yaliyofungwa. Ukubwa wa hifadhi yote, nchi kavu na bahari, ni hekta 55 hivi. Ni eneo ambalo katika mbuga ya Tsavo lingeweza kupotea bila mtu kujua.

Chumbe hutajwa kuwa hifadhi ya kwanza ya bahari duniani kuendeshwa na kampuni binafsi. Kampuni hiyo haikuanzishwa kwa ajili ya kugawana faida. Mapato ya utalii hurudi katika ulinzi, utafiti na elimu. Mwaka 2000 mradi huo ulitunukiwa tuzo ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake makuu jijini Nairobi.

Wavuvi waliogeuka walinzi

Uamuzi mkubwa wa mwanzo ulihusu watu. Wenye hifadhi wangeweza kuajiri askari kutoka mbali, wasiojuana na mtu yeyote wa hapo. Badala yake waliajiri wavuvi, watu waliozaliwa wakisikia mawimbi, na kuwafundisha kuogelea kwa miwani ya kupigia mbizi, kuzitambua aina za matumbawe na samaki, kuzungumza na wageni na kuweka kumbukumbu za maandishi.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Mvuvi anajua saa ambayo mwenzake atakuja. Anajua kwamba wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hukupwa sana na sehemu za mwamba huanikwa juani, hivyo mtu aweza kufika kwa miguu mahali ambapo siku nyingine hufikiwa kwa chombo. Anajua pia kwamba siku za maji mafu mambo hubadilika. Akiona tanga kwa mbali, hutambua kama hicho ni chombo cha mshipi, cha dema au cha juya. Mara nyingi hujua kinatoka kijiji gani.

Walinzi hawa hawabebi silaha. Chombo kikiingia ndani ya mpaka, huenda kwa boti yao hadi kilipo, hutoa salamu kama inavyostahili kati ya watu wa pwani, huuliza hali, kisha hueleza. Huwaambia wenzao kwamba samaki hutaga ndani ya mpaka huu, kwamba mayai na vifaranga huchukuliwa na mkondo hadi nje, na kwamba samaki wanaokua hapa wakizidi huvuka mpaka na kuwa halali ya kila mtu. Baada ya hapo humwomba mgeni aondoke.

Si kila mazungumzo huwa mepesi. Mtu aliyekesha baharini na kurudi na samaki wachache wa kitoweo, kisha akaona kwa macho yake chewa wa kilo kadhaa wakipita chini ya chombo chake, hawezi kuambiwa kwa urahisi kwamba hao si wake. Baba yake alivua bahari hiyo hiyo bila kuulizwa na mtu. Malalamiko hayo yana uzito, na mlinzi aliyewahi kuwa mvuvi huyaelewa kuliko afisa aliyeletwa kutoka ofisini. Huenda hiyo ndiyo sababu yake ya kusikilizwa.

Aidha, walinzi hufanya kazi nyingine ambayo haimo katika sheria yoyote ya hifadhi. Vyombo vidogo vikipatwa na dhoruba au injini ikizima katika mkondo, Chumbe ndiyo nchi kavu iliyo karibu. Walinzi huwasaidia wenye vyombo hivyo. Mvuvi aliyeokolewa usiku wa tufani hawezi kuwaona waliomwokoa kuwa maadui asubuhi yake.

Daftari la kila siku

Baada ya kila tukio, mlinzi huandika. Huandika tarehe na saa, aina ya chombo, idadi ya watu waliokuwamo, zana walizokuwa nazo, walichokuwa wakifanya na jinsi walivyopokea maelezo. Kwa mtu wa nje haya ni makaratasi tu. Kwa msimamizi wa hifadhi ni ramani ya tabia ya watu.

Daftari hilo, lililoandikwa mwaka baada ya mwaka, huonyesha ni miezi gani vyombo huingia zaidi, ni zana zipi zinaongezeka, na ni vijiji vipi vinahitaji kutembelewa kwa mazungumzo. Pia limeonyesha jambo la kutia moyo: matukio ya kuvua ndani ya mpaka, yaliyokuwa mengi wakati hifadhi ilipoanza, yalipungua kadiri habari ilivyoenea na wavuvi walivyoanza kupata samaki nje ya mpaka.

Kaskazi: joto na wageni

Kazi ya walinzi haifuati kalenda ya ofisi, bali pepo. Kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi huvuma kaskazi, upepo uliokuwa ukileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Jua huwa kali na wageni huwa wengi.

Katika miezi hii mlinzi huwa mwalimu. Huwaongoza wageni majini na kuwaonyesha matumbawe bila kuyagusa, kwani tumbawe ni mnyama, si jiwe, na unyayo mmoja unaweza kuvunja kilichochukua miaka mingi kukua. Huwapeleka msituni kwa njia zilizowekwa ili wasikanyage ovyo. Huwapokea pia wanafunzi wa shule za Unguja wanaoletwa kujifunza, wengi wao wakiwa watoto wa pwani ambao kamwe hawajawahi kutazama chini ya bahari wanayoiona kila siku.

Hata hivyo, jicho la mlinzi huwa kwenye kipimajoto. Mwishoni mwa kaskazi, Machi na Aprili, maji ya bahari hufikia joto la juu kabisa la mwaka. Ndani ya tumbawe huishi vijimea vidogo sana ambavyo hulitengenezea chakula kwa kutumia mwanga wa jua na kulipa rangi. Joto likizidi kwa wiki kadhaa, tumbawe huvitoa vijimea hivyo na kubaki jeupe kama mfupa. Maji yakipoa mapema, hupona. Yasipopoa, hufa kwa njaa. Mlinzi anayeogelea juu ya mwamba ule ule kila siku ndiye wa kwanza kuona weupe huo ukianza.

Masika: kisiwa chafungwa

Katikati ya Aprili, mvua za masika zinaposhika kasi, kisiwa hufungwa kwa wageni hadi katikati ya Juni. Kwa walinzi huu si wakati wa mapumziko.

Kwanza kuna suala la maji. Kwa kuwa Chumbe haina chemchemi yoyote, nyumba 7 za wageni zilijengwa kwa namna ambayo mapaa yake mapana hukinga mvua na kuyapeleka maji katika mahodhi yaliyo chini ya sakafu. Mvua ya masika ndiyo akiba ya miezi ya kiangazi. Bomba likiziba au hodhi likipata ufa mwezi Mei, madhara yake huonekana Januari. Vyoo vya kisiwa havitumii maji. Uchafu huozeshwa ukawa mbolea. Maji ya kuogea huchujwa kupitia vitalu vya mimea ili yasishuke baharini na kurutubisha mwani unaoyasonga matumbawe. Umeme ni wa jua.

Pili, kuna matengenezo. Mapaa ya makuti huezekwa upya, boti hupandishwa pwani na kukaguliwa, maboya yanayoonyesha mpaka hutazamwa. Maboya yana maana kubwa, kwa sababu mvuvi hawezi kulaumiwa kwa kuvuka mpaka asioweza kuuona.

Tatu, doria huendelea. Hifadhi ambayo hailindwi miezi miwili kwa mwaka hailindwi kabisa, kwa kuwa juya moja linaweza kukomba katika usiku mmoja samaki waliochukua miaka kumi kukua.

Kusi: upepo mkali na ndege wa baharini

Kusi huvuma kwa nguvu zaidi kuanzia Juni hadi Agosti. Hewa hupoa, bahari huchafuka, na vyombo vidogo hulazimika kubaki karibu na nchi. Kwa familia nyingi za wavuvi huu ni wakati wa dhiki, na kwa hiyo kishawishi cha kuingia katika maji yaliyofungwa huwa kikubwa. Mlinzi huhitaji busara zaidi katika miezi hii kuliko mingine yote.

Ni wakati wa kusi pia ambapo membe, ndege wa baharini wenye mikia iliyogawanyika, hutaga mayai katika visiwa vya pwani ya Afrika Mashariki. Mmoja wao, ambaye kifua chake hupata wekundu hafifu wa waridi msimu wa kuzaa, anajulikana kwa kutotabirika. Makundi makubwa yanaweza kushuka mwaka huu kwenye kisiwa fulani na kukihama mwaka ujao bila sababu ya wazi. Mwaka 1994 walizaliana Chumbe kwa wingi. Wasomaji wa Kenya wanaweza kuwaona ndege hao hao katika kisiwa cha Kisite kilichoko Kwale na katika visiwa vya Kiunga, Lamu.

Maadui wa mayai ya membe ni wawili. Wa kwanza ni panya, aliyeletwa visiwani na vyombo. Chumbe iliwaangamiza panya wake mwaka 1997, na tangu hapo kila mzigo unaoshushwa unapaswa kutazamwa, kwa sababu panya jike mmoja mwenye mimba anaweza kuifuta kazi yote. Wa pili ni kunguru wa India, aliyeletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na ambaye leo amekuwa kero katika pwani nzima. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kumwangamiza humu nchini. Panya anahitaji chombo ili afike kisiwani, lakini kunguru huruka tu.

Kuhesabu mwamba

Kusi inapolegea na upepo wa matlai kuingia, kabla ya mvua za vuli kutulia, bahari hutulia na maji hutakata. Huo ni wakati mzuri wa kuhesabu.

Walinzi walifundishwa kazi hiyo kwa msaada wa wanasayansi, wakiwemo wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Unguja. Mbinu yenyewe si ya ajabu. Utepe wa kupimia hulazwa juu ya mwamba mahali palipowekwa alama. Mlinzi huogelea kando yake na kuandika, kwa kalamu ya risasi juu ya kibao kisichoharibiwa na maji, kilichomo chini ya utepe: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani, mchanga. Kisha huhesabu samaki wa aina zilizochaguliwa wanaopita katika eneo hilo.

Thamani ya kazi hii hutokana na kurudiwa. Hesabu moja haisemi lolote. Mwamba unaweza kuwa na pono wengi leo kwa sababu tu mkondo uliwaleta. Hesabu ya mahali pale pale, kwa njia ile ile, miaka ishirini mfululizo, husema mengi. Huonyesha kama mwamba unapona baada ya joto, kama samaki wakubwa wanaongezeka, na kama mwani unaanza kushinda.

Kiumbe mmoja hutafutwa kwa makusudi. Ni aina ya kiti cha pweza mwenye mikono mingi iliyojaa miiba yenye sumu, ambaye chakula chake ni matumbawe. Hutoa tumbo lake nje, hulifunika tumbawe, huliyeyusha na kuacha kovu jeupe. Akiwa mmoja mmoja ni sehemu ya maumbile. Wakizuka kwa mamia hula mwamba mzima. Tangu mwaka 2004 walinzi wa Chumbe wamekuwa wakiwaondoa kwa mkono, mmoja mmoja, wakiwahesabu na kuwapeleka nchi kavu. Hawawakatikati majini. Mpango huo umefanyiwa utafiti na wanasayansi wa Unguja, jambo lisilowezekana bila madaftari ya walinzi.

Usiku wa kaa wa nazi

Giza likiingia kazi nyingine huanza. Chumbe ni makao ya kaa wa nazi, kaa mkubwa kuliko viumbe wote wa jamii yake wanaoishi nchi kavu. Anaweza kufikia uzani wa kilo nne, hupanda miti, na ana magando yenye nguvu za kupasua nazi. Akiwa mtu mzima hawezi kuishi majini. Jike hushuka pwani kuachia mayai tu, na akizama kwa muda mrefu hufa.

Kaa huyu hukua polepole na anaweza kuishi miongo kadhaa. Nyama yake ni tamu, wala hana mbio. Ndiyo maana ametoweka katika visiwa vingi vya Bahari ya Hindi vinavyokaliwa na watu, na Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, unamhesabu miongoni mwa viumbe walio hatarini. Walinzi hupita njiani kwa tochi, humshika kwa uangalifu nyuma ya magando, humpima, hutazama kama ni dume au jike, huandika na kumwachia. Hesabu ikionyesha wakubwa tu bila wadogo, ni ishara kwamba kizazi kipya hakifiki kutoka baharini, hata kama kisiwa kinaonekana kimejaa.

Paa nunga msituni

Msitu wa Chumbe umeota juu ya mawe makali ya tumbawe la kale. Mizizi hushika nyufa, na udongo ni haba. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kulima hapo, msitu haukufyekwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 uliletewa mgeni: paa nunga. Swala huyu mdogo mwenye manyoya mekundu na mshipi mweupe mapajani amekuwa adimu Unguja kutokana na mbwa wa wawindaji na kukatwa kwa misitu ya kuni na mkaa. Kisiwa kisicho na mbwa wala mitego kilionekana kuwa mahali pa kuweka akiba. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba, mbali na Unguja, amebaki katika Arabuko-Sokoke pekee, hadi kamera za watafiti zilipomnasa kwa wingi katika misitu ya Boni na Dodori, Lamu.

Paa nunga ni mwoga, na kumwona ni bahati. Mlinzi humfuatilia kwa nyayo, kinyesi na majani yaliyotafunwa. Hata hivyo, kisiwa kidogo kina mpaka wake: wanyama wachache waliofungiwa pamoja mwishowe huzaana ndugu kwa ndugu. Chumbe inaweza kuwa ghala la akiba. Haiwezi kuwa badala ya misitu.

Nani analipa?

Walinzi wanahitaji mishahara, mafuta ya boti, redio na chakula kinachovushwa kutoka Unguja. Fedha hizo hutoka kwa wageni wanaolala katika zile nyumba 7. Mpango huo umeifanya hifadhi isitegemee wafadhili, na umeonyesha kwamba mwamba ulio hai unaweza kulisha watu.

Lakini una udhaifu wake. Mwaka 2020 janga la korona liliposimamisha safari za ndege duniani, kila hifadhi ya Afrika Mashariki iliyotegemea watalii ilijikuta bila mapato, ilhali samaki, kaa na paa walihitaji ulinzi ule ule. Kipindi kile wengi waliopoteza kazi mijini walirudi baharini kutafuta riziki, na shinikizo juu ya miamba likaongezeka mahali mahali. Hifadhi inayolipwa na wageni hulindwa vyema wageni wanapokuja. Bado haijapatikana njia ya hakika ya kuilinda wanapokosekana.

Adui asiyesikia salamu

Kuna hatari nyingine ambayo daftari linaweza kuiandika lakini ulimi hauwezi kuirudisha nyuma. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya na kwingineko katika Bahari ya Hindi. Lilirudi mwaka 2016, na Chumbe haikuachwa. Mwaka 2024 wanasayansi walitangaza kwamba weupe wa matumbawe ulikuwa umeikumba dunia nzima kwa mara ya nne katika kumbukumbu.

Mlinzi anaweza kuzungumza na mvuvi. Hawezi kuzungumza na joto. Basi, kuna faida gani kuulinda mwamba dhidi ya juya ikiwa jua litauua?

Jibu linatokana na hesabu zenyewe. Mwamba wenye samaki wengi wala mwani, kama pono, hupona upesi zaidi kwa sababu mwani haupati nafasi ya kuziba mahali ambapo matumbawe machanga yangeota. Mwamba uliovuliwa ukabaki mtupu hupigwa mara mbili, kwanza na joto, kisha na mwani. Ulinzi hauzuii ugonjwa, lakini humwacha mgonjwa na nguvu za kunyanyuka. Tatizo ni kwamba vipindi kati ya joto moja na jingine vinazidi kufupika, na mwamba unahitaji miaka ya kupumua.

Funzo kwa pwani ya Kenya

Kenya ina hifadhi za bahari zenye umri mkubwa kuliko Chumbe. Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968. Hizo husimamiwa na KWS. Lakini katika miaka ya karibuni jamii zenyewe zimeanza kufunga sehemu za bahari zao na kuziita tengefu. Kuruwitu katika Kaunti ya Kilifi, ambako wavuvi walianza kufunga sehemu ya maji yao katikati ya miaka ya 2000, ni mfano unaojulikana zaidi, na mwaka 2017 ilishinda Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Kwa vikundi vya ufuo vinavyofikiria kufuata njia hiyo, Chumbe inafundisha mambo machache yaliyo wazi. Mpaka uonekane. Mlinzi awe mtu anayeifahamu bahari na anayefahamika na wanaoitumia. Mvuvi aone faida nje ya mpaka, la sivyo ataifuata ndani. Na kila jambo liandikwe, hata siku ambayo hakuna kilichotokea, kwa sababu siku tupu nazo ni habari.

Hilo la mwisho ndilo hupuuzwa zaidi. Vikundi vingi huanza kwa shangwe, huweka maboya, hupiga picha na wageni wa heshima, kisha hesabu husahaulika. Miaka mitano baadaye anayeuliza kama samaki wameongezeka hujibiwa kwa maoni. Wapinzani wa tengefu nao wana maoni yao, na penye maoni matupu mwenye sauti kubwa ndiye hushinda.

Huko Chumbe taa ya mwaka 1904 ingali inawaonya manahodha kuhusu mwamba ili wasiharibu vyombo vyao. Walinzi wamepewa kazi iliyo kinyume cha hiyo, kuukinga mwamba usiharibiwe na vyombo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kaa mmoja aliyepimwa usiku, kiti cha pweza kimoja kilichoondolewa na mvuvi mmoja aliyeelewa akageuza tanga lake ni mambo madogo, lakini yakikusanywa kwa zaidi ya miaka thelathini, ndiyo yaliyokiweka kisiwa hicho hai hadi leo.